Kigoda Kilichofungwa Kiunoni

Mama bado hunitumia mahindi kutoka Kitale, ingawa nimemwambia mara nyingi kwamba unga unauzwa hapa hapa mlangoni pangu. Juzi nilikata kamba ya gunia jikoni, na kabla sijaona hata punje moja, ile harufu ya dawa ya wadudu ikanipanda puani, kavu na chungu, imechanganyika na vumbi la magunzi na katani ya gunia jipya. Nilikaa chini sakafuni. Mwanangu alidhani nimeshikwa na kizunguzungu, akaniletea maji. Niliyanywa tu, maana ningeanzia wapi kumweleza. Kwangu mimi harufu hiyo si ya chakula. Ni ya stoo ya mahindi nyuma ya nyumba yetu, ya mwaka ule niliokuwa refa, na ya ndugu yangu Simiyu.

Nasema ndugu. Wengine wangemwita binamu, lakini kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu yako na maneno yameisha. Baba yake alifariki kule Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, Simiyu akiwa darasa la tatu. Siku ya kunyoa, wazee walipokaa kumaliza mambo ya matanga, mama yake aliulizwa ni shemeji yupi angependa akae naye. Akasema hataki yeyote. Sasa nadhani haikuwa dharau. Alikuwa kijana bado na alikuwa amechoka. Lakini ukikataa unaondoka, na watoto ni wa ukoo. Walimwachia mtoto wa kunyonya peke yake, na Simiyu akaletwa kwetu Kitale pamoja na godoro lake lililokunjwa na kufungwa kwa mpira.

Jioni ya kwanza alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili na kututangazia mipango yake, kama mgeni anayeeleza ataondoka saa ngapi. "Mi nakaa hapa kidogo tu," akasema. "Mahindi ikiingia stoo, mama anakuja kunichukua. Arisema." Zainabu, rafiki yangu wa nyumba ya jirani, akacheka hiyo "arisema", maana watu wa Bungoma hawajali kama ni l au r, nasi wa Kitale tulijiona tumestaarabika. Baba hakucheka. Alitazama pembeni, akamwaga machicha ya chai yake nje ya mlango. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nikamwonea wivu Simiyu, mtu mwenye nyumba mbili.

Mchezo wenyewe ulitufikia likizo ya Aprili. Binamu yetu mkubwa wa upande wa mama alikuwa shule ya bweni, na huko walikuwa wameupata kutoka kwa mwanafunzi mmoja ambaye mjomba wake aliishi ng'ambo. Hauna ubao wala karata. Mtu mmoja, tuliyemwita refa, anasimulia safari: mko mahali fulani, mbele kuna mto, ng'ambo ya mto kuna moshi. Wengine kila mmoja ana mtu wake aliyeandikwa daftarini, nguvu zake na mzigo wake, na anasema mtu huyo anafanya nini. Panapokuwa na shaka, dadu inarushwa na dadu haina mjomba. Binamu alituachia dadu moja na daftari lenye sheria alizozinakili kwa mkono, nusu yake hazisomeki. Zile zisizosomeka nilizitunga mwenyewe.

Niliwekwa refa kwa sababu nilikuwa mkubwa na, kusema kweli, kwa sababu sikumwachia mwingine nafasi ya kuomba. Wachezaji walikuwa watatu: Simiyu, Zainabu, ambaye baba yake aliuza vitambaa karibu na msikiti, na mdogo wangu Nafula, aliyekuwa na miaka sita na ambaye mtu wake alipika ugali popote tulipofika, hata pangoni. Tulicheza ndani ya stoo. Miezi ile stoo ilikuwa tupu, mbao zake zimefagiliwa, jua likiingia kwa mistari kati ya mbao, na ukisema neno linakurudia. Niliwapeleka kwenye mapango ya Mlima Elgon, yale ambayo ndovu huingia gizani kulamba chumvi, na humo nikaweka manani, mazimwi ya hadithi za bibi, yenye njaa na usingizi mwepesi. Nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuipata tena katika kazi yoyote.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ukarimu. Niligawa vitu vya ajabu kama peremende. Zainabu nilimpa leso ambayo ukijifunika unageuka kivuli, naye aliitumia kwa adabu, pale tu ilipobidi. Simiyu nilimpa kigoda. Nilikiiga kile cha babu kule Naitiri, cha miguu mitatu, ambacho sisi watoto tulikatazwa hata kukigusa. Sheria yake niliiandika kwa kalamu nyekundu: ukikikalia, hakuna awezaye kukugusa wala kukuondoa. Nilidhani nimefikiria vizuri. Mtu aliyekaa hasafiri, kwa hiyo angekaa akapumzika, kisha angelazimika kuinuka.

Siku ya pili aliangalia mzigo wa mtu wake, akaona ana kamba. "Refa, nafunga kigoda kwa kiuno."

Nikamuuliza ya nini.

"Ndio nikae nikiwa nimekaria. Kira saa."

Nilimwambia haiwezekani, mtu hawezi kukaa na kutembea kwa wakati mmoja. Alitoka akaenda jikoni, akarudi na kigoda cha mama cha kupikia, akajifunga nacho matakoni kwa sweta yangu ya shule, akazunguka stoo nzima amekunja magoti, mzito na mwenye heshima kama bata. "Si unaona? Nimekaria na natembea." Zainabu alicheka hadi akalala kwenye mbao. Hata mimi nilicheka, na nikachukia kwamba nimecheka.

Kuanzia siku hiyo safari yangu ilikufa. Ndovu wakija, Simiyu amekaa. Linani likinyanyua rungu, Simiyu amekaa, na wenzake wamejipanga nyuma yake wameshika shati. Niliandaa mto wenye mamba kwa siku mbili. Aliuingia kinyumenyume, akavuka, kisha akarudi kuwavusha Zainabu na Nafula, mmoja mmoja. Nilisema kamba imekatika, akadai dadu irushwe, ikaanguka sita. Nilisema kigoda kimeoza kwa maji, akasema alikipaka samli tangu jana, na Nafula akaapa kwamba samli ilitoka jikoni kwake. Nilimwona mwizi. Nilimwona mjanja mwenye roho ya kula peke yake, ingawa ukiyasoma tena hayo niliyoandika hapo juu utaona hakuwahi kuvuka bila kuwapitisha wenzake. Mtoto aliyekuwa amehamishwa na godoro lake alikuwa amepata mahali pamoja ambapo hakuna anayeweza kumwondoa, na mimi refa nilichoona ni udanganyifu.

Agosti binamu aliporudi nilimshtakia. Alikuwa akinyoosha suruali yake kwa pasi ya makaa na hakuinua hata kichwa. Akasema refa mjinga hunyang'anya alichotoa. Refa mwenye akili hukiwekea bei, iwe kali kiasi kwamba mwenyewe atakiweka chini bila kuambiwa. Nadhani aliyasahau maneno hayo kabla pasi haijapoa. Mimi niliyabeba siku tatu. Nilitafuta bei, na sitajifanya kwamba niliipata kwa bahati. Nilijua Simiyu anapenda nini. Nilikuwa nimemsikia akisema jina la mama yake usingizini, kitanda chake kikiwa kando ya changu, na nikajua pa kubonyeza.

Basi nikamweka mwanamke mzee ndani ya pango, akamwambia mwenye kigoda: kila ukikikalia, mtu mmoja wa kwenu anakusahau. Hata sura yako haijui tena.

Zainabu alisema hiyo ni mbaya, nibadilishe. Nikasema mzee ameshasema. Simiyu alifikiri kidogo, akauliza ni mtu mmoja tu kila mara? Nikasema ndiyo. Akatabasamu. "Mi nko na watu mingi bana," akasema, akakaa. Nami nikachora alama moja pembeni mwa ukurasa, mstari mfupi mwekundu.

Mvua zikapungua, mahindi yakakauka, watu wakaanza kuvunja. Uani kwetu palitandikwa turubai, mashine ya kupukuchua ikaja ikanguruma siku nzima, na nywele zetu zikawa nyeupe kwa makapi. Magunia yakaanza kuingia stoo. Kila siku nafasi yetu ilipungua, mpaka tukawa tunachezea juu ya magunia, chini kidogo ya mabati ya moto, macho yakiwasha kwa dawa. Simiyu alikuwa na furaha niliyokuwa sijaiona. Kila gunia lililoingia alilipiga kofi. Jioni alisimama kwenye geti, na baba akirudi alimuuliza kama simu imelia, ile simu yake iliyoshikiliwa na ukanda wa mpira. Kwenye mchezo alikaa na kukaa na kukaa. Siku zile alikuwa mtu tajiri wa watu.

Gunia la mwisho likaingia, mlango wa stoo ukafungwa kwa kufuli. Shule zikafungwa. Wiki ikapita, na nyingine. Mama yake hakuja.

Simiyu alinikuta kwenye bomba nikifua sare. Hakuniita dada, aliniita refa. "Refa, nataka kurudisha kigoda."

Nikamwambia kigoda si sahani ya kuazima.

"Basi futa zire arama."

"Sheria ni sheria. Umeshakalia."

Aliomba daftari. Nilipangusa povu mikononi nikamletea. Akahesabu mistari myekundu, ilikuwa kumi na minne. Kisha akaanza kuhesabu watu kwa vidole, polepole, akitaja kila mmoja: bibi, shangazi wawili, wale wajomba, watoto wa shangazi, mtoto wao mchanga. Mama yake alimweka mwisho kabisa, amejaribu kumficha nyuma ya wengine. Alipofika kwake alikuwa kwenye kumi na moja. Akaniuliza kama baba yake anahesabika. Nikasema wafu hawahesabiki. Akaniuliza kama sisi tunahesabika, mimi na Nafula na baba na mama yangu. Kama ningesema ndiyo, hesabu ingetosha na hata mmoja angebaki. Nikasema hapana, ni watu wa kwenu tu.

Nilifurahi. Msomaji wa rika langu, uliyekuwa mtoto miaka ile ile, usinisamehe haraka. Hatimaye nilikuwa nimembana, na nilirudi kwenye ndoo yangu nikiimba.

Akaacha kula. Mama alidhani ni malaria, akampeleka zahanati, wakampima wakasema damu ni safi. Alikaa ukutani nyuma ya stoo, haongei. Mwishowe baba alisema atampeleka akamwone mama yake kabla ya Krismasi. Alikuwa amesikia kwamba anashona nguo pale mjini Bungoma. Nililia hadi nikaruhusiwa kwenda nao. Nilikuwa nimeanza kuogopa, hiyo ni kweli. Ni kweli pia kwamba nilitaka kuona kama bei yangu imefanya kazi.

Tulipita Kiminini umande ukiwa haujakauka, na saa nne tulikuwa Bungoma. Simiyu alivaa shati jeupe la kanisani, kifungo kimoja kikining'inia kwa uzi. Baba alielekezwa mahali na mwenye duka, akasimama. Akatuonyesha safu ya vibaraza kupita msikiti, akasema cha tatu, tutangulie tukamsalimie, yeye anakuja. Wakati ule niliona ni kawaida. Siku hizi nakumbuka kwamba baba alikuwa mmoja wa wale waliokaa siku ya kunyoa, na nadhani aliona haya kumkabili.

Mama mdogo, mama yake Simiyu, alikuwa kwenye cherehani. Alikuwa amenenepa kidogo na amesuka vizuri. Kando yake, kwenye mkeka, aliketi mwanamke mwingine mkubwa kwake, amempakata yule mtoto mchanga ambaye sasa alikuwa na meno. Tulisimama mbele yao. Simiyu hakusema shikamoo. Alimtazama tu.

Yule mwanamke alitukagua kuanzia viatu. "Wifi, hawa ni watoto wa nani?"

Mguu wa mama mdogo uliendelea kukanyaga, na sindano ikapanda na kushuka mahali pamoja pasipo nguo. "Ni wa jirani," akasema. "Tulikuwa tunakaa karibu huko nyuma." Kisha akamwambia Simiyu, kwa sauti ya mtu mzima anayeongea na mtoto wa wenyewe, "Mama yako hajambo?"

Simiyu akajibu, "Hajambo."

Nilijua nilichokifanya. Mwanamke wa pango alikuwa ametoka kwenye daftari langu, amefika Bungoma kabla yetu.

"Kijana, kuja hapa," mama mdogo akasema. "Kifungo yako inaanguka." Akamvuta katikati ya magoti yake, akatia uzi kwenye sindano, mara tatu ukimkwepa, akakishona kile kifungo shati likiwa mwilini. Alipokimaliza hakumwachia. Akashika cha chini yake, kizima kabisa, akakikata kwa mkasi na kukishona upya. Kisha kingine. Vilikuwa vitano. Kila kimoja alikata uzi kwa meno, paji lake likigusa kifua cha mtoto. Yule wifi akauliza kama leo ni siku ya kazi ya bure. "Ni kifungo tu, wifi," akajibu bila kuinua uso. Nilisimama pale nikimwona fundi anayefanya kazi yake, fundi asiyemjua mtu aliye mbele yake. "Haya," akasema mwishowe. "Salimia mama."

"Nitamsarimia," Simiyu akasema.

Tulikutana na baba nusu ya njia. Sikuwa bado nimejua la kusema, Simiyu akawahi. Akasema hayuko, wamesema amesafiri. Baba akanitazama mimi akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akashusha pumzi ndefu, akatununulia mandazi, tukageuza njia.

Kesho yake niliiba ufunguo, nikamwita juu ya magunia. Nilikuja na ufutio. Nilisugua ile mistari myekundu mpaka karatasi ikatoboka, nikamwambia mwanamke wa pango amekufa, bei imekwisha, watu wote wamemkumbuka. Nilikuwa nikilia.

"Wacha tu," akasema. Hakuwa na hasira. "Sasa naweza kukaria vire nataka. Hakuna mwenye amebaki wa kusahau."

Akaomba tucheze. Alikaa kwenye kigoda chake akazunguka mlima mzima, akamaliza manani yote, hata yale yaliyolala. Pango likawa tupu. Nilipomuuliza mtu wake anafanya nini sasa, alisema hafanyi kitu, akanirudishia dadu mkononi. Hatukucheza tena. Alikaa kwetu hadi alipomaliza darasa la nane, mtoto mtulivu ambaye walimu walimsifu, na hakuna siku aliyomtaja tena mama yake.

Ilinichukua miaka kuelewa. Ilibidi niolewe, niwe na wifi, nijue ni vitu vingapi mwanamke aliyeolewa mara ya pili anaweza kuficha ili yeye na mtoto wake wabaki chini ya paa. Ilibidi nimvalishe mwanangu shati siku moja asubuhi, nimfunge vifungo vitano, ndipo mikono yangu ikasimama hapo kwenye cha pili. Fundi hakati kifungo kizima. Lakini hata baada ya kujua nilinyamaza. Simiyu yuko Nakuru, ana karakana yake, tunasalimiana kwenye sikukuu kwa adabu kubwa. Nilijiambia mambo ya kale hayafufuliwi kwa simu.

Juzi, baada ya lile gunia, nilimpigia. Nilimweleza yote bila kupumzika: kwamba kigoda kilikuwa haki yake, kwamba bei niliitunga kwa wivu, kwamba mama yake hakumsahau hata dakika moja, na kwamba mimi ni shahidi, kwa sababu nilimwona akikata vifungo vizima ili apate kumshika kidogo zaidi. Alinisikiliza hadi mwisho. Nyuma yake nyundo iligonga chuma, kisha ikaacha. Akasema anakikumbuka kile kibaraza, na cherehani, na yule mwanamke wa kwenye mkeka. Anakumbuka aliulizwa kama mama yake hajambo, na anakumbuka alijibu nini. Kisha akalirudia neno langu polepole, kama mtu anayepapasa mfukoni.

"Vifungo gani, dada?"